Neno 'firm' kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa kulitafsiri bila kukimbilia 'imara'

Vipeperushi vya Kiingereza vinavyofundisha namna ya kumlaza mtoto mchanga husema alazwe chali, mahali tambarare palipo 'firm'. Ndivyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinavyoshauri, na ushauri huo umesambaa mbali. Mpe mfasiri mwenye haraka kipeperushi hicho, ataandika "godoro imara". Mama akisoma maneno hayo atakagua kitambaa, atavuta mishono, ataridhika kwamba godoro litadumu miaka mingi. Godoro la sponji laini linalomeza kichwa cha mtoto linaweza kuwa imara kabisa kwa maana hiyo. Kumbe madaktari walitaka godoro lisilobonyea, ili pua na mdomo wa mtoto visizame akigeuka usiku.

Kosa la namna hiyo halionekani kwa mhariri, kwa sababu sentensi yenyewe ni Kiswahili safi. Ndiyo maana 'firm' ni neno la hatari kuliko maneno marefu ya kitaalamu. Maneno marefu humfanya mfasiri asimame na kutafuta. Hili dogo humfanya apite. Mwongozo huu ni kwa wafasiri, wakalimani, waandishi wa habari, wanafunzi wa lugha, na yeyote anayeombwa na jirani amsomee barua ya Kiingereza.

Hatua ya 1: Uliza ni nini kinachosukuma

Kila mahali 'firm' linapotokea kama kivumishi, kuna nguvu fulani inayotaka kukibonyeza, kukivuta, kukitikisa au kukibadilisha kitu, na kitu hicho hakikubali. Kwenye godoro, nguvu ni uzito wa mwili. Kwenye bei, ni mnunuzi anayeomba apunguziwe. Kwa mzazi, ni mtoto anayelia sokoni akitaka pipi. Kwenye tarehe, ni visingizio vya wanaotaka kusogeza mbele. Kwenye shilingi, ni dola.

Kiingereza hakijali nguvu hiyo ni ipi. Neno ni lile lile. Kiswahili kinajali sana. Kisichobonyea ni kigumu au kimekaza. Kisichotikisika ni imara. Kisichobadilika ni thabiti. Kisichobishaniwa ni cha mwisho. Kisicho na mwanya ni madhubuti. Kabla hujaandika lolote, jaza sentensi hii kichwani: "Hapa kinachosukuma ni…" Ukishaijaza, nusu ya kazi imekwisha. Ukishindwa kabisa kuiona nguvu inayosukuma, chunguza tena, huenda neno si kivumishi bali ni nomino yenye maana ya kampuni, tutalifikia.

Hatua ya 2: Yajue maneno yako kabla ya kuyagawa

Imara hukaa vizuri na vitu vilivyojengwa vikasimama: nyumba, daraja, ndoa, taasisi, uchumi, afya. Ndani yake mna kudumu. Ukisema meza ni imara, msikilizaji anaelewa kwamba ukiegemea haitavunjika na mwakani itakuwepo. Hamna habari ya mguso. Embe haliwi imara, na kitambi hakiwi imara.

Thabiti ni la mtu na maneno yake: nia, imani, msimamo, kauli, urafiki. Limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotuzalia thibitisha na uthibitisho. Katika Qurani, sura ya Ibrahim, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anawathibitisha walioamini kwa kauli thabiti. Mzizi mmoja umetumika mara mbili katika sentensi moja, na tafsiri maarufu za Kiingereza hulitumia 'firm' hapo hapo. Kiingereza nacho kimefanya jambo lile lile: 'confirm' ina mzizi mmoja na 'firm' kama thibitisha ilivyo ndugu wa thabiti. Ni msaada mkubwa wa kukumbuka. Pale ambapo jambo linaweza kuthibitishwa au kuthibitika, thabiti huwa karibu.

Madhubuti ni ndugu wa dhibiti. Kinachodhibitiwa hakina mwanya wa kupenya: ulinzi, mpango, hoja, ushahidi, usimamizi. Bahati mbaya "hatua madhubuti" imesemwa sana kwenye taarifa za habari hadi imechujuka, lakini "ushahidi madhubuti" bado una uzito wake.

-gumu ni la vidole na meno, na hapo ni neno bora kabisa. Likiingia kwenye mwili na tabia ya mtu linageuka lawama. Moyo mgumu ni ukatili. Kichwa kigumu ni uzito wa kuelewa. Shingo ngumu ni ukaidi. Mwandishi wa Kiingereza aliyemsifu mama kwa kuwa 'firm', wewe ukaandika "mgumu", umemtukana mama wa watu.

Halafu kuna vitenzi, na hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Kiingereza hupenda kivumishi; Kiswahili hupenda kitenzi. Kaza, shika, simama, ganda, shikilia, komaa, tetereka, yumba, legea, bonyea. Mara nyingi tafsiri nzuri ya 'firm' ni kitenzi kilichokanushwa: haiyumbi, halegezi, isiyotetereka, lisilobonyea. Mfasiri anayetafuta kivumishi kwa kivumishi atabaki na maneno matatu na atayachosha. Anayejiruhusu kutumia vitenzi hatakwama.

Hatua ya 3: Palipo na mwili wa mtu, andika kitendo

Maandishi ya afya yamejaa 'firm', na humo kosa linaweza kumfikia mgonjwa. Nitayataja yale ya mara kwa mara.

Jeraha linalovuja damu: maelekezo ya huduma ya kwanza husema uweke 'firm pressure'. Usiandike "mgandamizo imara". Andika: "Kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usiachie." Hilo "usiachie" si nyongeza yako, liko ndani ya neno la Kiingereza. Nguvu inayosukuma ni damu, na damu haisukumi mara moja ikaacha. Mtu akikandamiza kwa nguvu kisha akainua kitambaa kila mara kuchungulia, hajafanya alichoambiwa.

Kufufua moyo uliosimama: mgonjwa alazwe chali kwenye 'firm surface'. Hapa ni "mahali pagumu na tambarare, kama sakafuni". Sababu ni ya kimwili. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kushuka angalau sentimita 5 kila unapokandamiza, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Juu ya godoro laini, sehemu ya nguvu yako inazama kwenye godoro badala ya kufika moyoni. Ukiandika "sehemu imara", msomaji anaweza kumwacha mgonjwa kitandani, kwa kuwa kitanda chake cha mninga ni imara kweli kweli.

Baada ya kujifungua: mkunga huweka mkono tumboni kwa mama kuona kama mfuko wa uzazi ni 'firm'. Wakunga wetu husema umekaza, au umejikaza. Ukiwa laini, haujajikaza, na kutokujikaza huko ndiko chanzo kikuu cha mama kutokwa na damu nyingi baada ya uzazi. Kwa hiyo kitenzi hapa kinabeba kazi ya mwili wenyewe: misuli inajibana na kuziba mishipa ya damu. "Mfuko wa uzazi imara" haisemi hilo hata kidogo. "Mfuko wa uzazi mgumu" unakaribia, ila unaweza kumtisha mama akadhani ana uvimbe.

Na uvimbe wenyewe: 'a firm lump' ni "uvimbe mgumu kiasi ukiuminya". Neno "kiasi" lina maana, kwa sababu daktari akitaka kusema mgumu kama jiwe anayo maneno mengine. Krimu za ngozi zinazodai 'firming' zimeshapata jina lake madukani: za kukaza ngozi.

Jikoni ni mteremko. Nyanya 'firm' ni ngumu, au ambazo hazijalegea. Embe 'ripe but firm' ni lililoiva lakini halijalainika. Samaki mbichi nyama yake imekaza, ukiibonyeza inarudi. Maziwa ya mtindi yameganda, keki imeshika, ute wa yai uliopigwa umesimama. Kila kimoja kina kitenzi chake, na mpishi yeyote atakusahihisha bure.

Hatua ya 4: Angalia kama ni daraja kwenye ngazi

Hili huwaponyoka hata wafasiri wazoefu. Katika taaluma kadhaa 'firm' halina maana ya ugumu wa juu. Ni daraja la katikati, lenye mipaka iliyopimwa.

Mfano ninaoupa uzito ni ripoti ya udongo. Mtu anataka kujenga ghorofa, anamwita mhandisi, udongo unachimbwa na kupimwa, ripoti inakuja kwa Kiingereza. Katika utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliofuatwa pia na nchi nyingi zilizorithi vipimo vyake, udongo wa mfinyanzi ulipangwa hivi: 'soft', 'firm', 'stiff', kisha wa juu zaidi. Wa kwanza unaufinyanga kwa vidole bila taabu. Wa pili, huo wetu, unaufinyanga kwa vidole ila lazima utumie nguvu. Wa tatu haufinyangiki kwa vidole, unaacha alama tu ukiubonyeza kwa dole gumba. Kwa vipimo vya maabara, huo wa pili hubeba kati ya kilopaskali 40 na 75 za nguvu ya kukinza kukatika, na wa tatu unaanzia 75.

Sasa mwenye kiwanja asome "udongo ni imara". Atamwambia fundi apunguze nondo. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema udongo ni wa wastani, na msingi usanifiwe kulingana na hali hiyo. Andika "udongo wa mfinyanzi wenye ugumu wa wastani", na kama ripoti ina jedwali, tafsiri ngazi yote kwa pamoja: laini, wa ugumu wa wastani, mgumu, mgumu sana. Usitafsiri daraja moja peke yake bila kuangalia majirani wake.

Jaribio la haraka la kutambua ngazi: tafuta kama kwenye waraka huo huo yapo maneno ya 'soft', 'medium', 'extra' au 'hard'. Wauza magodoro wana ngazi yao. Tofu, jibini la maharage ya soya, huuzwa kwa ngazi. Viwanja vya mbio za farasi Uingereza hupewa daraja kila siku ya mashindano, na 'firm' ipo karibu na juu lakini si ya juu kabisa. Hata 'firmware', neno lililobuniwa mwaka 1967, lilipata jina kwa kuwekwa katikati ya 'hardware' na 'software': si chuma cha mashine, wala si programu unayoibadilisha utakavyo. Kwa Kiswahili napendelea kusema wazi tu, "programu ya ndani ya kifaa", na msomaji anaelewa kwa nini simu yake inamwambia aisasishe.

Hatua ya 5: Palipo na pesa na ahadi, sema kitu gani hakibadiliki

Tangazo la gari linalosema 'price is firm' lina tafsiri ambayo tayari iko mitandaoni kwetu. Tanzania, muuzaji anayekubali kupunguza huandika "maongezi yapo". Basi kinyume chake ni "hakuna maongezi", au "bei ya mwisho". "Bei imara" ingemfanya msomaji afikirie taarifa ya uchumi.

Kwenye taarifa hiyo ya uchumi nako kuna mtego. 'The shilling was firm' na 'the shilling firmed' zinatofautiana. Ya kwanza inasema shilingi haikushuka, ilishikilia pale ilipokuwa. Ya pili inasema ilipanda kidogo dhidi ya dola. "Shilingi imeimarika" ni ya pili tu. Kwa ya kwanza andika "shilingi haikutetereka" au "imebaki pale pale". Nimeona vichwa vya habari vikitangaza kuimarika siku ambayo hakuna kilichosogea, na mfanyabiashara anayesubiri kubadilisha fedha ana haki ya kulalamika.

Oda 'firm' ni oda ya uhakika, iliyotiwa saini. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye habari za ndege. Shirika likinunua kutoka Boeing au Airbus, mkataba hutenganisha ndege zilizoagizwa kwa uhakika na zile ambazo shirika limejiwekea haki ya kuziongeza baadaye likipenda. Mwandishi anayezijumlisha zote na kusema "limeagiza" amewapa wasomaji ndege ambazo huenda zisinunuliwe kamwe.

Umeme pia. 'Firm capacity' ni umeme wa uhakika, ule ambao mtambo unaweza kuuahidi hata mwaka wa ukame. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Hiyo 2,115 ni uwezo wa mitambo yote ikizunguka kwa nguvu zake zote. Umeme wa uhakika wa bwawa kwa kawaida ni mdogo kuliko huo, kwa kuwa mto haujai sawasawa mwaka mzima. Ukitafsiri "uwezo imara", tofauti hiyo inapotea, na ndiyo iliyofanya mwandishi wa Kiingereza aweke neno pale.

Sheria inahitaji tahadhari zaidi. 'Firm offer' ni ofa ambayo mtoaji ameahidi kutoiondoa kwa muda fulani. Je, ahadi hiyo inamfunga? Inategemea uko wapi. Marekani, chini ya kifungu 2-205 cha Uniform Commercial Code, mfanyabiashara wa bidhaa aliyeitoa kwa maandishi na kuitia saini anafungwa nayo hata kama hakulipwa chochote, ila kwa muda usiozidi miezi mitatu. Chini ya sheria ya Kiingereza ya kawaida, ambayo Kenya huifuata kwenye mikataba, ofa inaweza kuondolewa kabla haijakubaliwa, isipokuwa kama mtu amelipa ili iachwe wazi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, nayo humruhusu mtoaji kuiondoa kabla taarifa ya kukubaliwa haijakamilika dhidi yake. Kwa hiyo usiandike "ofa isiyoweza kuondolewa". Hilo ni la hakimu. Andika "ofa ambayo mtoaji ameahidi kutoibadilisha hadi tarehe fulani", utakuwa umesema kile kilichosemwa bila kuongeza nguvu ya kisheria.

'Firm up' huja baada ya mkutano: tukamilishe mipango, tuthibitishe tarehe. Pita.

Hatua ya 6: Ukimfikia mtu, pima sifa na lawama

Mzazi 'firm' si mkali lazima. Anasema hapana kwa sauti ya kawaida, na hapana yake inabaki hapana hata mtoto akijigaragaza. Kiswahili kina namna nyingi za kumweleza mzazi huyo: ana msimamo, hayumbi, halegezi kamba, hana mchezo. Wazee waliposema ukicheka na nyani utavuna mabua walikuwa wanausia msimamo wa namna hii. "Mkali" linaweza kufaa kwa mwalimu, maana kwetu "mwalimu mkali" mara nyingi ni sifa, wazazi humtafuta. Lakini kwenye kitabu cha malezi linaingiza kiboko ambacho mwandishi hakukitaja. 'Firm but fair' napenda iwe "ana msimamo na hamwonei mtu".

Kupeana mkono kunaleta utamaduni wa mtu mwingine. Kwa Wazungu wengi, mkono uliokaza wakati wa kusalimiana ni alama ya kujiamini, na vitabu vya usaili wa kazi huufundisha. Kijana wa pwani aliyelelewa kumpokea mkono mzee kwa upole, akiinamisha kichwa na kusema shikamoo, ataona kuukaza mkono wa mkubwa ni utovu wa adabu. Basi kwenye mwongozo wa usaili andika "shika mkono kwa kuukaza kidogo, kwa kujiamini", na kama unaruhusiwa kuongeza maelezo, eleza kwamba hivyo ndivyo kampuni za kigeni zinavyotarajia. Jihadhari na "mkono mzito". Huyo ni bahili.

'Stand firm' ina utajiri wa peke yake. Simama kidete. Simama imara. Shikilia msimamo. Usiyumbe. Vijana wa Tanzania watakwambia komaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 siasa za Tanzania zilivumisha ngangari, nalo lilibeba maana hii pamoja na ubishi mtamu wa jukwaani. Katika 1 Wakorintho 15:58, Biblia ya Kiswahili inayotumiwa na makanisa mengi inasema "mwimarike, msitikisike", mahali ambapo baadhi ya Biblia za Kiingereza za siku hizi zina 'stand firm'. Wafasiri wale walikuwa na Kigiriki akilini, si Kiingereza, lakini tazama walivyofanya: vitenzi viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kukanusha, na sentensi inasimama kwa miguu miwili.

Marafiki 'firm' ni marafiki wa dhati, wa kufa na kuzikana. Mwenye 'firm belief' anaamini kwa dhati. Askari kwenye gwaride wanapita kwa ukakamavu. Na msichana wa kwenye riwaya aliyejibu 'in a firm voice' alijibu kwa sauti isiyotetereka. Usimpe "sauti kavu", maana hiyo ni ya mtu aliyeudhika.

Hatua ya 7: Kwa 'firmly', tumia sauti ambazo Kiingereza hakina

Hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza, na inasikitisha kuona wafasiri wanaandika "kwa uimara" kila mahali. Mlango umefungwa ndi. Ameshikilia kikiki. Amesimama tisti. Amekataa katakata. Ameishika kazi barabara. Maneno haya yana nguvu kwa sababu yamefungamana na vitenzi vyao. Huwezi kusema amekataa tisti wala amesimama katakata.

Yatumie kwenye hadithi, hotuba, vitabu vya watoto, mahojiano, hata kwenye habari. Kwenye mkataba au ripoti ya serikali yatazidi, na hapo ndipo "kikamilifu", "kwa uthabiti" au kitenzi kitupu hufaa: "Kaza nati hadi isizunguke tena." Mafundi hawahitaji kielezi zaidi ya hicho.

Hatua ya 8: Likiwa nomino, usikimbilie 'kampuni' bila kuuliza

'Firm' yenye maana ya biashara ilipitia njia yake. Neno la Kilatini lenye maana ya kuwa thabiti lilizaa kitenzi cha kuthibitisha, na kwa Kiitaliano na Kihispania 'firma' ikawa saini, ile inayothibitisha hati. Baadaye ikawa jina ambalo wafanyabiashara walisainia kwa pamoja, kisha biashara yenyewe. Waswahili tulitembea njia ya jirani: sahihi, lenye maana ya kisicho na kosa, ndilo tunaloita pia saini ya mtu.

Kisheria, nchini Uingereza Sheria ya Ubia ya mwaka 1890 inawaita washirika wote kwa pamoja 'firm'. Yaani ni ubia, wala si kampuni yenye hisa iliyosajiliwa. Kwenye habari ya kawaida "kampuni" inatosha, hakuna atakayeumia. Kwenye hati, tofauti inagusa nani atalipa deni: kwa kawaida mwanahisa wa kampuni yenye ukomo wa dhima hupoteza alichoweka, lakini mshirika wa ubia wa kawaida anaweza kudaiwa hadi mali zake binafsi. Kwa mawakili, "ofisi ya mawakili" ni salama kuliko "kampuni ya mawakili", na ndivyo watu wanavyosema wakienda kupiga mhuri.

Hatua ya 9: Watenge jamaa wanaofanana naye

'Infirm' ni mtu dhaifu, hasa kwa uzee au maradhi. 'Affirm' ni kukiri au kutamka kwa dhati. Mahakamani, asiyetaka kuapa kwa kitabu cha dini hutoa tamko, na wakalimani wazingatie tofauti ya kuapa na kutoa tamko. 'Firmament' ya Mwanzo 1:6 katika Biblia ya King James ya mwaka 1611 ni anga. Asili yake ni picha ya kitu kigumu kilichotandazwa juu, lakini Kiswahili hakikuibeba picha hiyo wala hakuna haja ya kuilazimisha.

Hatua ya 10: Fanya zoezi hili, kisha fanya na lako

Chukua sentensi: 'The firm made a firm offer, but the board stood firm on price and asked for a firm date.' Zimo 'firm' nne. Ya kwanza haina kinachoisukuma, hivyo ni kampuni. Ya pili inasukumwa na kubadili mawazo. Ya tatu inasukumwa na bei ya upande wa pili. Ya nne inasukumwa na kuahirisha. Tafsiri: "Kampuni ilitoa ofa ambayo haitaibadilisha, lakini bodi haikulegeza kwenye bei, ikataka itajiwe tarehe ya uhakika." Wala imara, wala thabiti, wala madhubuti halijatumika, na hakuna kilichopungua.

Nyingine: 'The nurse spoke gently but firmly and pressed firmly on the wound.' Mwenye pupa atasema "kwa upole lakini kwa uimara, akabonyeza kwa uimara". Kielezi cha kwanza kinasukumwa na hofu ya mgonjwa, cha pili kinasukumwa na damu, hivyo haviwezi kuwa na neno moja: "Muuguzi alisema kwa upole lakini bila kusitasita, akakandamiza jeraha kwa nguvu, hakuachia."

Ukishamaliza, mpe mtu ambaye hajauona waraka wa Kiingereza asome tafsiri yako, kisha umwombe aoneshe kwa mikono alichoelewa: aminye, avute, akandamize, au ataje bei na tarehe. Usimuulize kama Kiswahili ni kizuri, kwa sababu atakujibu ndiyo kwa adabu tu. Tazama anachofanya, na pale mkono wake unapokwenda sipo, rudi kwenye sentensi hiyo uandike upya.